Samaki wa mapambo: Mtaji wa kwanza ni maji

Mfanyabiashara wa Berega, Kilosa, anayefikiria kufuga samaki wa mapambo nyumbani ili awauzie wenye hoteli na ofisi za Morogoro na Dodoma, hana budi kupiga hesabu ya maji kabla ya hesabu ya samaki. Wengi huanza kinyume. Hununua samaki wenye rangi, huwatia katika tangi jipya la kioo, na baada ya wiki moja au mbili wote wamekufa. Mtaji umekwenda bila kuuzwa hata samaki mmoja.

Sababu yake inajulikana. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria walioota kwenye chujio na changarawe huigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitreti, yenye madhara madogo. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuenea. Muda huo wote pampu na chujio hufanya kazi bila samaki, na chakula kidogo hutiwa kioze ili bakteria wapate lishe. Mtaji unalala mwezi mmoja na nusu, na hiyo ni gharama ya kuandikwa daftarini.

Tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 50 hubeba lita 240, yaani kilo 240 za maji peke yake. Kila wiki robo ya maji hubadilishwa: lita 60, sawa na ndoo 3 za lita 20. Kwa mwaka ni ndoo 156. Anayenunua maji kwa ndoo azidishe mwenyewe. Umeme nao ukikatika, pampu husimama na samaki hukosa hewa. Pampu ya betri iwe tayari.

Uchaguzi wa aina ni hesabu nyingine. Wanaotafutwa sana ni sikilidi, ndugu wa perege na sato. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 250, karibu zote hazipatikani kwingine. Ziwa Nyasa lina mamia, wakiwemo mbuna wa miambani. Wote hutaka maji magumu: pH ya Tanganyika hukaribia 9, ya Nyasa huzunguka 8. Mawe ya chokaa tangini husaidia kuongeza ugumu. Mbuna ni wagomvi, hivyo dume mmoja huwekwa na majike kadhaa na mapango ya kutosha. Wengi wao hula mwani. Chakula chenye nyama nyingi huwaletea ugonjwa wa kuvimba tumbo.

Mavuno nayo hayana haraka. Jike wa mbuna hulea mayai kinywani kwa takriban wiki 3, na kila uzao ni watoto makumi tu. Aliyezoea kuku wa nyama ajiandae kusubiri.

Njia nafuu ya kujifunza iko jirani. Kilosa ina sikilidi wake mdogo, Astatotilapia bloyeti, aliyeelezwa na Mfaransa Sauvage mwaka 1883 na kupewa jina la Kapteni Bloyet, mkuu wa kituo cha Wafaransa cha Kondoa, Usagara. Naye hulea mayai kinywani. Kosa likitokea kwake, hasara ni ndogo kuliko kwa samaki aliyesafirishwa kutoka Kigoma. Kabla ya kuvua au kuuza, afisa uvuvi wa wilaya aulizwe kuhusu vibali, kwa kuwa biashara hii iko chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Samaki wa maziwa wasimwagwe mtoni hata biashara ikishindwa. Sato alipopandikizwa katika maji mengine ya Tanzania alizaana na jamaa zake wa asili na kuchanganya mbegu yao.

Aliyeendesha tangi moja kwa miezi 6 bila vifo ndiye aliye tayari kuzungumza bei na mnunuzi, na kununua tangi la pili.