Wachezaji watano, hesabu za wanne

Mara nyingi tunapotembelea vikundi tunaulizwa: "Tufanye nini na wanachama ambao mchango wao hauonekani?" Katika somo hili tunalitazama swali hilo kupitia mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kupafikiria: timu ya gofu ya Chuo Kikuu cha Houston, nchini Marekani.

Gofu si kama mpira wa miguu. Hakuna pasi. Kila mchezaji hupiga mpira wake mwenyewe hadi amalize mashimo 18, na mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Basi, watu wanaocheza kila mmoja peke yake wanakuwaje timu? Katika mashindano ya vyuo vikuu siku hizi, kwa kawaida kila chuo hupeleka wachezaji watano, na katika kila mzunguko hujumlishwa hesabu za wanne waliofanya vizuri zaidi. Hesabu ya tano huachwa. Lakini asubuhi hakuna ajuaye itakuwa ya nani. Huenda bingwa akaharibu siku hiyo, na yule anayedhaniwa kuwa dhaifu akaiokoa timu. Hivyo hakuna anayeweza kulegea njiani akisema, "Yangu haihesabiwi."

Dave Williams alikuwa mwalimu wa uhandisi wa kemia chuoni hapo. Aliichukua timu ya gofu mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuiongoza hadi 1987. Timu zake zilitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara 16, wa kwanza mwaka 1956 na wa mwisho 1985. Kuanzia 1956 hadi 1960 walishinda kila mwaka.

Nafasi katika timu yake haikupatikana kwa jina. Wachezaji walishindana kwanza wao kwa wao, na wenye mapigo machache ndio waliosafiri kwenda mashindanoni. Tunaona faida mbili hapa. Kwanza, aliyeachwa nyumbani aliijua sababu, kwa kuwa aliiandika mwenyewe kwenye karatasi yake ya mapigo. Pili, daima walikuwapo wengine walio tayari.

Vikundi vyetu mara nyingi hufanya kinyume. Semina ikitangazwa, anatumwa mwenyekiti yule yule. Tunakumbuka kikundi kimoja cha kuweka na kukopa ambacho kwa miaka minne mtu mmoja tu ndiye aliyejua kujaza daftari la mikopo. Alipohama kumfuata mumewe, akina mama walikutana mara mbili, wakagombana juu ya nani anadaiwa nini, kisha wakaacha kukutana. Fedha zilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa pili.

Hata hivyo, hatungependa msomaji aige mashindano ya Williams bila kufikiri. Kupimwa kila mara kunaweza kumvunja moyo mtu, hasa mwenye haya. Ndiyo maana habari ya Jim Nantz inatuvutia kuliko vikombe vyote vile. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kijana huyu alikuwa katika timu ya Houston, lakini kwa uchezaji hakuwafikia wenzake. Alitaka kuwa mtangazaji. Bwenini alikaa pamoja na Fred Couples, mmoja wa wachezaji bora wa timu, na kwa mzaha walizoea kuigiza mahojiano ambayo mshindi wa mashindano ya Masters hufanyiwa anapovishwa koti la kijani. Mwaka 1992 Couples alishinda Masters kweli. Aliyemhoji mbele ya televisheni alikuwa Nantz.

Kwa mapigo peke yake, Nantz asingeonekana na maana. Lakini alipewa mahali pa kukaa, na wenzake walijua ndoto yake.

Kwa majadiliano katika kikundi: Taja kazi moja ambayo ni mtu mmoja tu kati yenu anayeiweza. Nani anaweza kuanza kuifanya pamoja naye kuanzia mkutano ujao? Kisha mfikirieni mwanachama ambaye huwa hazungumzi mikutanoni. Je, kuna yeyote kati yenu anayejua angependa kufanya nini? Kama hakuna, nani atakwenda kumtembelea wiki hii?