Namna ya Kuisoma Ripoti ya Mwanafunzi katika Shule Binafsi ya Kutwa Unguja

Ripoti ya muhula inayotolewa na shule binafsi ya kutwa, yaani shule isiyo ya Serikali ambayo wanafunzi wake hurejea majumbani kila siku, huwa na tarakimu nyingi kuliko maelezo, na ndiyo maana wazazi wengi wa Mji Mkongwe na vitongoji vyake huanza kuisoma kwa kutafuta nafasi ya mtoto darasani, kisha huishia hapo hapo. Nafasi humweleza mzazi ni watoto wangapi waliomtangulia mtoto wake. Haimwelezi kama mtoto anaelekea kufaulu, kwa kuwa wa tatu katika darasa dhaifu anaweza kuwa nyuma ya wa ishirini katika darasa imara. Jambo la kuulizwa kwanza ni kipimo kilichotumika.

Suala hilo la kipimo lina historia yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 shule za Zanzibar ziliwekwa chini ya Serikali, elimu ikatangazwa kuwa bila malipo tarehe 23 Septemba mwaka huohuo, na shule binafsi zikasubiri hadi miaka ya 1990 ndipo zikaanza kurejea. Leo baadhi yake huwaandaa wanafunzi kwa mitihani ya nchini na nyingine kwa ile ya Cambridge. Hata njia ya nchini ina wasimamizi wawili: mtihani wa kidato cha pili umo mikononi mwa Baraza la Mitihani la Zanzibar, ilhali ule wa kidato cha nne na cha sita husimamiwa na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo cha Muungano kilichoundwa kwa sheria ya 1973 baada ya Tanzania kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki.

Katika kidato cha nne, NECTA hutoa A kwa maksi 75 na kuendelea, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, na F chini ya hapo. Kila herufi hubeba pointi, A ikiwa na 1 na F ikiwa na 5, kisha pointi za masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi hujumlishwa ili kupata daraja, ambalo wengi huliita divisheni: 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na zaidi ya hapo ni sifuri.

Achukuliwe, kwa mfano, mwanafunzi mwenye Kiswahili 78, Historia 70, Kiingereza 66, Jiografia 63, Bailojia 59, Uraia 52, Kemia 46, Fizikia 44 na Hisabati 41. Wastani wake ni karibu 58, na mzazi anayeutazama peke yake huona mtoto wa kati asiye na hatari wala sifa. Hesabu ya pointi inasema mengine kabisa: masomo saba bora yanampa 17, yaani daraja la kwanza, lakini yumo ukingoni, kwa kuwa Kemia ikishuka maksi mbili tu inakuwa D, naye anaangukia daraja la pili. Zaidi ya hayo, Fizikia na Hisabati, ambazo zote ni D, hazikuingia kabisa katika hesabu. Kwa hiyo daraja la kwanza linaweza kumficha mtoto ambaye hawezi kuchaguliwa kusoma Fizikia, Kemia na Hisabati katika kidato cha tano, maana tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo matatu ya kidato cha tano na sita, hudai ufaulu wa kutosha katika masomo yake. Katika sayansi, mlango mmoja ulio wazi kwake ni Kemia, Bailojia na Jiografia. Mzazi aliyekwisha kumwahidi mtoto uhandisi anastahili kulijua hilo akiwa kidato cha tatu, wakati bado kuna muda wa kurekebisha, na shule inayomnyima taarifa hiyo inamkosea.

Kwa shule za Cambridge, hesabu hiyo haitumiki. Herufi za IGCSE, cheti cha Cambridge cha ngazi ya sekondari, huanzia A* hadi G, na mipaka yake hupangwa upya kwa kila mtihani kulingana na ugumu wa karatasi, hivyo maksi 70 hazina herufi moja ya kudumu. Mzazi aulize ni karatasi za mwaka gani zilizotumika na mipaka ya mwaka huo ilikuwa ipi, na akumbuke kwamba mwenye cheti hicho akitaka chuo kikuu cha nchini huhitaji ulinganifu wa cheti kutoka NECTA.

Hatua inayofuata, ambayo wengi huiruka, ni kuomba karatasi ya mtihani yenyewe iliyosahihishwa. Maksi 41 za Hisabati zilizopatikana kwa sababu mtoto hajui aljebra hudai mwalimu, ilhali 41 zilizopatikana kwa sababu maswali manne ya mwisho hayakuguswa hudai mazoezi ya kutumia muda. Na tuisheni ya jumla, inayoongezwa jioni kwa mtoto aliyekwisha kutoka shule na kupitia chuoni kusoma Kurani, haitibu lolote kati ya hayo mawili. Mwalimu naye, badala ya kuandika "aongeze bidii", aandike mada iliyomshinda mtoto na swali ambalo limelionyesha hilo.