Darubini Zinazojiendesha na Nyota Zilizogongana

Wanafunzi wenzangu huniuliza: ikiwa mawimbi ya uvutano hayaonekani kwa macho, mahali yatokako hujulikanaje? Nitajibu kwa mfano wa tarehe 17 Agosti, 2017.

Siku ile, saa 9 na dakika 41 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, vyombo viwili vya LIGO huko Marekani vilipokea mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zilizogongana. Chombo cha tatu, Virgo cha Italia, kilisikia kidogo sana. Hilo nalo lilisaidia, maana lilionyesha kuwa mtikisiko ulitoka upande ambao Virgo haisikii vizuri. Hata hivyo, sehemu ya anga iliyobaki kupekuliwa ilishinda mwezi mpevu kwa ukubwa zaidi ya mara 100.

Hapo ndipo penye kazi ya darubini zinazojiendesha. Darubini ya namna hii haina mtu wa kuigeuza. Hupokea agizo kwa mashine, hujielekeza na kupiga picha. Shirika la Las Cumbres lina darubini hizo Chile, Afrika ya Kusini, Australia na kwingineko. Kukicha huku, kwingine ni usiku, na kazi huendelea.

Wataalamu hawakupekua anga ovyo. Waliandaa orodha ya galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, zilizo upande ule na umbali ule. Kila moja ilipigwa picha, nayo ikalinganishwa na picha ya zamani.

Huko Chile ulikuwa mchana, ikabidi kungoja jua litue. Ndipo darubini ya Swope ilipoona kwanza nuru mpya katika galaksi NGC 4993, iliyo mbali nasi kiasi cha miaka ya nuru milioni 130. Kabla ya saa moja kupita, darubini ya Las Cumbres nayo ilikwisha kuipiga picha.

Haraka ya nini? Nuru ile ilianza kwa rangi ya samawati, ikawa nyekundu, ikafifia kwa siku chache. Mabadiliko hayo yalionyesha kuwa migongano kama huo huunda elementi zilizo nzito kuliko chuma, na yaaminiwa hata dhahabu imo.

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Lakini tukumbuke, wenzangu, kuwa wepesi wa mashine ungekuwa bure kama picha za zamani hazikuwekwa tayari.