Jifunze Linux kwa Mashine Pepe Bila Kupoteza Faili Zako

Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kuwekwa Windows 11 kwa kuwa hazifikii viwango vinavyohitajika. Linux, mfumo usiolipiwa, ni njia mojawapo ya kuendelea kuzitumia kwa usalama. Hata hivyo, anayeuweka bila uzoefu anaweza kufuta hesabu za chama, picha za familia au kazi za shule kwa kubofya mara moja. Mashine pepe humwezesha kujifunza kwanza.

Mashine pepe ni nini?

Ni kompyuta ndani ya kompyuta. Programu kama VirtualBox, isiyolipiwa kwa matumizi ya nyumbani, hutenga sehemu ya RAM na diski, kisha Linux hufunguka ndani ya dirisha kama programu nyingine yoyote. Windows hubaki ilivyo. Diski inayoonwa na Linux ni faili tu iliyo kwenye diski halisi.

Mahitaji

Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 na nafasi ya gigabaiti 40 kwenye diski inatosha kwa Ubuntu 24.04, toleo la Aprili 2024. Faili ya kuisakinisha ina karibu gigabaiti 6, hivyo anayetegemea bando la simu ni heri aipakue penye intaneti ya bure au ainakili kwa flashi kutoka kwa mwenzake. Mwenye RAM ya gigabaiti 4 atumie Lubuntu, ambayo ni nyepesi zaidi.

Hatua

1. Sakinisha VirtualBox, unda mashine mpya na uielekeze kwenye faili ya Ubuntu.

2. Ipe RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 25. Usipitishe nusu ya RAM yote, kwani Windows nayo inahitaji yake.

3. Iwashe na ufuate maelekezo. Ukiulizwa kama diski yote ifutwe, kubali. Kinachofutwa hapo ni diski pepe pekee.

4. Ukimaliza, tumia VirtualBox kuhifadhi hali ya mashine ilivyo. Ukiharibu kitu baadaye, utarejea hapo kwa muda mfupi.

Mashine ikikataa kuwaka, huenda VT-x (kwa prosesa za Intel) au AMD-V (kwa za AMD) imezimwa. Huwashwa kwenye mipangilio ya BIOS.

Tahadhari

Mashine pepe haiilindi Windows 10 iliyo chini yake. Ni uwanja wa mazoezi tu. Linux pia huenda polepole kidogo humo, kwa hivyo kasi hiyo isiwe kigezo cha kuikataa. Kagua badala yake kama hati zako zinafunguka sawasawa kwa LibreOffice, na kama huduma unazotumia, kwa mfano eCitizen, zinafanya kazi kwenye Firefox.

Ukiridhika na kuamua kuhama kabisa, kumbuka hatua ya tatu. Nje ya mashine pepe, jibu lile lile hufuta kila kitu kwenye kompyuta. Nakili faili zote muhimu kwenye diski ya nje, zifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha ni nzima, ndipo usakinishe.