Pemba kwa Baiskeli: Kutoka Mkoani hadi Konde

Kwa msafiri anayetaka kuendesha baiskeli katikati ya mashamba na vijiji vya kale bila kubanwa na msururu wa magari, Pemba inaishinda Unguja kwa mbali, na sababu yake ni sura ya nchi yenyewe. Upande wa magharibi ardhi ina vilima vingi vilivyokatwa na hori za bahari na kufunikwa na mikarafuu, minazi na migomba, ilhali upande wa mashariki ni uwanda wa mawe ya matumbawe wenye udongo haba, na kwa kuwa kisiwa chote kina urefu wa kilomita zipatazo 67 tu, nchi hizo mbili huweza kuonwa katika siku moja. Hakuna kilima kinachofika mita 200, lakini jambo hilo lisimdanganye mtu, kwani barabara hupanda na kushuka mfululizo, na baiskeli isiyo na gia huishia kusukumwa kwa mkono.

Kero kubwa ya safari hii haiko Pemba bali iko bandarini Unguja, na inafaa ielezwe kwa urefu kwa sababu ndiyo huwakatisha tamaa wengi kabla hawajaanza. Nauli ya abiria wa boti inajulikana, ikiwa ni shilingi kwa wenyeji na dola kwa wageni, lakini malipo ya baiskeli kwa kawaida hupatanwa papo hapo, na mapatano hayo huwa magumu zaidi pale papasi, yaani vijana wanaojipachika kwa wageni ili wapate kamisheni, wanapojifanya wasemaji wa chombo. Mchukuzi huweza kuinyakua baiskeli kabla bei haijatajwa, akaifikisha chomboni, kisha akataja kiasi anachokitaka wakati kamba zinakaribia kufunguliwa, saa ambayo mwenye mali hana tena nafasi ya kubishana. Dawa yake ni kufika bandarini siku moja kabla ya safari, kukata tiketi dirishani bila kumtumia mtu wa kati, kuuliza hapo hapo malipo ya baiskeli na kuomba yaandikwe kwenye stakabadhi, na siku ya safari kuisukuma baiskeli mwenyewe hadi mlangoni. Ndege ndogo za kwenda Chake Chake hazifai, kwa kuwa mzigo wa kilo 15 ndio kipimo chake cha kawaida. Vyombo vikuukuu vya mizigo na majahazi viepukwe kabisa hata nauli yake ikiwa ya chini: mkondo wa Nungwi ulio kati ya visiwa hivi viwili una mawimbi makali, na hapo ndipo meli ya Spice Islander, iliyokuwa imejazwa kupita kiasi, ilipozama ikielekea Pemba tarehe 10 Septemba 2011, ikiua mamia ya watu. Mgeni anayetoka nje ya Tanzania aweke pia katika hesabu yake bima ya lazima ya Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024 kwa dola 44, ambayo haiwezi kubadilishwa na bima aliyokuja nayo.

Baiskeli za kukodi zinazopatikana Chake Chake na kwingineko zinatosha kwenda sokoni na kurudi, wala si zaidi, kwa hiyo anayekusudia kuzunguka kisiwa aje na yake. Matairi membamba ya mashindano ni kosa, kwani kandokando ya lami kuna mchanga na kokoto, na njia za kwenda kwenye magofu ni za udongo. Tairi la upana wa milimita 38 au zaidi ndilo linalofaa. Mafundi baiskeli wapo karibu katika kila kijiji kikubwa na kazi yao ya kuziba pancha, kunyoosha rimu na kubadili spoku ni ya kuaminika, lakini tyubu walizonazo ni za baiskeli za kienyeji za inchi 28, ambazo rimu zake hazilingani na za baiskeli za kisasa ingawa namba zinafanana, na pampu zao nyingi hazishiki valvu nyembamba za kigeni. Tyubu mbili za akiba, kifaa cha kuunganishia valvu na mnyororo wa akiba ni mizigo midogo inayookoa siku nzima.

Majira yaamue pia upande wa kuanzia, jambo ambalo wengi hulisahau. Kuanzia Juni hadi Septemba huvuma kusi, upepo wa kutoka kusini, na wakati huo busara ni kushukia Mkoani, kusini mwa kisiwa, na kupanda kaskazini upepo ukiwa mgongoni. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na mwendo unafaa ugeuzwe. Masika, yaani mvua kubwa za Machi hadi Mei, hugeuza njia za udongo kuwa tope linalonata kwenye breki, na hayafai kabisa. Msimu bora ni wa karafuu, ambao kwa kawaida huanza Julai, kwa kuwa wakati huo karafuu huanikwa juani juu ya majamvi mbele ya nyumba na mara nyingi pembezoni mwa lami, na harufu yake humfuata mpandaji kutoka kijiji hadi kijiji. Mpandaji na ajue kwamba kilichotandazwa pale ni mapato ya mwaka ya kaya nzima, kwa hiyo kukanyaga ukingo wa jamvi kwa gurudumu ni utovu wa adabu usiosameheka kwa urahisi. Vilevile asinunue karafuu kwa mkulima, hata gunia dogo la zawadi, kwani ununuzi wake ni wa Shirika la Taifa la Biashara Zanzibar, ZSTC, na anayekutwa na mzigo wa namna hiyo huweza kushukiwa magendo.

Kati ya Chake Chake na Wete msafiri ataelekezwa barabara kuu inayopita Ole kuelekea Konde, ambayo ni pana na ya haraka, na kwa sababu hizo hizo haina ladha. Magari ya abiria hukimbia humo na miti imesogea mbali na lami. Barabara ya zamani ya Wete ndiyo inayostahili kupandwa. Inapinda kufuata migongo ya vilima, inapita chini ya vivuli vya miembe na mikarafuu, na inakatiza vijijini kiasi kwamba msafiri husalimiana na watu njia nzima. Sababu pekee ya kuigusa barabara kuu ni Kidike, karibu na Ole, kwenye makazi ya popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana popote pengine duniani.

Kuhusu magofu, vitabu vingi humpeleka mgeni Pujini, kusini-mashariki mwa Chake Chake, kwenye ngome ya karne ya 15 ya Mkama Ndume, mtawala ambaye masimulizi yanadai aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Masimulizi ni makubwa kuliko kinachoonekana: kuta zimeanguka, magugu yamefunika handaki, na asiyepata mwenyeji wa kumweleza atarudi amechoka bure. Muda huo utumike Chwaka, karibu na Tumbe kaskazini, ambako msikiti unaohusishwa na Haruni, anayesemekana kuwa mwana wa Mkama Ndume, na makaburi ya ukoo wa Mazrui bado yanasomeka kwa macho. Uchimbaji wa wanaakiolojia umeonyesha kwamba Tumbe ulikuwa mji mkubwa kati ya karne ya 7 na ya 10, na kwamba Chwaka uliufuata kuanzia karne ya 11. Hivyo kilomita chache za baiskeli hupita juu ya takriban miaka elfu moja ya maisha ya Waswahili, na pwani ya Tumbe hadi leo ina wavuvi na mashua zao. Mtambwe Mkuu, mkabala na Wete, ambako mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha na zenye majina ya watawala wa pwani, hufikiwa kwa miguu maji yakiwa yamekupwa, na baiskeli iachwe kwa mwenyeji kwa makubaliano.

Makao yawe Wete, wala si Chake Chake, ambayo ina mabenki na stendi lakini haina utulivu. Fedha taslimu zichukuliwe huko kwanza, kisha mtu aondoke. Nyumba za wageni za Wete ni za kawaida, na bei ipatanwe kabla ya kushusha mzigo. Mavazi ya kubana ya wapanda baiskeli yafunikwe kwa suruali pana au kanga kila mara mtu anaposhuka kijijini. Mwezi wa Ramadhani haufai kwa safari hii, kwa kuwa migahawa hufungwa mchana na kunywa maji hadharani ni kuwakosea watu heshima, ilhali kupanda vilima bila maji ni hatari. Mwendo uanze saa 12 asubuhi na ukome kabla ya magharibi, kwani usiku bodaboda, ng'ombe na baiskeli zisizo na taa hutumia barabara moja.

Kutoka Konde njia huingia Msitu wa Ngezi, wenye mipapindi, mtende wa asili ya Pemba, na huendelea hadi ufuo wa Vumawimbi, ambao ni mzuri lakini hauna maji ya kunywa ya kutegemea. Anayechoka huko si lazima arudi kwa nguvu zake, kwani magari ya abiria ya Konde hubeba baiskeli juu ya keria. Nauli ya baiskeli iulizwe kwa abiria mwingine kwanza, ndipo ifikishwe kwa kondakta, na tiketi ya boti ya kurudi Unguja iwe imekatwa kabla ya kuondoka Wete, kwa kuwa boti hazisafiri kila siku.