Kichaa cha Mbwa na Mbweha wa Kusini

Wanachama wenzangu, baadhi yenu wameniuliza: mbwa tunamchanja, je, mnyama wa porini nani atamshika? Jibu liko Mikindani na pande zote za Mtwara na Lindi. Wataalamu waliofuatia ugonjwa huo huko tangu mwaka 2011 waliona kuwa katika kila wanyama 10 wagonjwa, zaidi ya 4 walikuwa mbweha. Wala hapana aliyemdunga mbweha sindano. Walichanjwa mbwa wa vijijini, mara kwa mara, na ugonjwa ukapungua kwa mbwa na kwa mbweha pia.

Waswisi walishika njia nyingine. Mwaka 1978 walitia chanjo katika vichwa vya kuku wakavitupa porini, mbweha wakala, wakajichanja wenyewe! Hila nzuri, lakini ina gharama.

Hapa Pemba kichaa kilikoma mwaka 2014 baada ya chanjo, kikarudi 2016, kikamalizwa tena 2018. Mbweha haogelei kutoka Tanga. Basi yamkini kilipanda chombo pamoja na mbwa. Kwa hiyo anayeleta mbwa kutoka bara amchanje kwanza. Inatakiwa mbwa 7 katika kila 10 wawe wamechanjwa.

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni muda wa robo saa, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama ni mkwaruzo tu. Dalili zikishatokea hapana dawa. Na mwenye mbwa wa kulinda karafuu majamvini amlete siku ya chanjo, amfunge kamba.