Kubatilisha Cheti cha Usalama cha Tovuti: Kwa Nini Kufuta Faili Hakutoshi

Chukulia kwamba mhuri wa serikali ya kijiji umeibwa usiku. Asubuhi Mtendaji anaagiza mhuri mpya, nao unachongwa na kuletwa kabla ya jua kutua. Je, kijiji kimepona? Bado. Mwizi angali na mhuri wa zamani, na barua atakayoigonga kwa mhuri huo kesho itapokelewa benki na mahakamani kama barua halali. Kijiji kitapona siku benki, mahakama na ofisi nyingine zitakapopewa taarifa kwamba mhuri ule hautambuliki tena. Kuchonga mhuri mpya ni kazi moja, na kuubatilisha wa zamani ni kazi nyingine.

Somo letu la TEHAMA katika toleo hili linahusu kazi hiyo ya pili, kwa upande wa tovuti. Linawalenga kwanza wale wanaosimamia tovuti za shule, zahanati, vyama vya ushirika na vikundi vya akiba na mikopo katika kata zetu. Linamhusu pia kila anayefungua tovuti kwa simu yake ili alipe ada au ajaze fomu.

CHETI NA UFUNGUO WAKE

Unapofungua tovuti ambayo anwani yake huanza na https, kivinjari cha simu yako huidai tovuti hiyo cheti. Cheti hutolewa na mamlaka ya utoaji vyeti inayotambuliwa na kivinjari, nacho huliunganisha jina la tovuti na ufunguo wake wa wazi. Ufunguo huo una pacha wake, yaani ufunguo wa siri, ambao hupaswa kukaa ndani ya seva pekee. Cheti chenyewe si siri, kwani kila anayeitembelea tovuti hupewa nakala yake. Kinacholindwa ni ufunguo wa siri, maana anayeushika ndiye awezaye kuthibitisha kwamba cheti ni chake.

Sasa tuseme fundi wa chama cha akiba na mikopo alihifadhi nakala ya ufunguo wa siri katika kompyuta yake ya mkononi, nayo ikaibwa ndani ya basi. Mwenye kuipata, akifanikiwa kuyaelekeza kwake mawasiliano ya wanachama, mathalani kwa kuweka mtandao wa bure usiotumia waya karibu na soko, aweza kuwafungulia tovuti ya bandia yenye jina lile lile la chama. Simu zao hazitaonya lolote. Wataandika nywila na namba za akaunti zao kwa imani, kwa kuwa kivinjari kimewahakikishia kwamba wako mahali salama.

Katika hali hiyo wasimamizi wengi hukosea kwa namna mbili. Wengine hufuta faili la cheti katika seva yao, wakidhani kwamba hatari imekwisha. Lakini kufuta nakala yako hakuigusi nakala iliyo mkononi mwa mwizi. Wengine huomba cheti kipya na kuishia hapo. Hawa wamechonga mhuri mpya, ila cheti cha zamani kitaendelea kukubalika hadi siku yake ya mwisho, isipokuwa mamlaka iliyokitoa itangaze kwamba kimebatilishwa.

HATUA ZA KUBATILISHA

Zamani kazi hii ilihitaji barua na simu kwa mtoa cheti. Siku hizi iko itifaki iitwayo ACME, iliyochapishwa kama kiwango rasmi mwezi Machi 2019, inayowezesha seva kuomba, kuhuisha na kubatilisha vyeti bila mkono wa karani. Programu inayotumika sana kwa itifaki hiyo ni Certbot, inayotunzwa na shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani. Wengi huitumia kupata vyeti vya bure vya Let's Encrypt. Mwenye kuitumia na afuate mpangilio huu.

Kwanza, ziba tundu lililovujisha ufunguo. Ikiwa mtu ameingia ndani ya seva yenyewe, ufunguo mpya utakaoumba leo ataubeba kesho. Safisha seva na ubadilishe nywila kabla ya jambo lingine lolote.

Pili, pata cheti kipya chenye ufunguo mpya, kisha uanze kukitumia. Certbot huumba ufunguo mpya kila inapohuisha cheti, isipokuwa kama iliagizwa kuurudia wa zamani. Hakikisha agizo hilo halipo. Amri yenyewe ni hii, ukiweka jina la tovuti yako mahali palipoandikwa JINA:

certbot renew --cert-name JINA --force-renewal

Tatu, batilisha cheti cha zamani. Hapa pana mtego. Ukiitaja tovuti kwa jina lake tu, Certbot itakibatilisha cheti kinachotumika sasa, yaani kile kipya. Vyeti vya zamani huhifadhiwa katika kabrasha la archive, kila kimoja na namba yake, na namba kubwa kuliko zote ndiyo ya karibuni. Ikiwa kipya ni cha 4 na kilichovuja ni cha 3, amri itakuwa hivi:

certbot revoke --cert-path /etc/letsencrypt/archive/JINA/cert3.pem --reason keycompromise --no-delete-after-revoke

Neno keycompromise huiambia mamlaka kwamba ufunguo umevuja. Usiandike sababu nyepesi kwa kuona haya. Kwa kanuni zinazowabana watoa vyeti, taarifa ya ufunguo uliovuja huwalazimu kukibatilisha cheti ndani ya saa 24, ilhali makosa mengine mengi hupewa hadi siku 5. Sehemu ya mwisho ya amri huizuia programu kufuta mafaili baada ya kubatilisha. Usipoiweka, Certbot itakuuliza kama ikifute cheti hicho pamoja na matoleo yake yote ya awali na ya baadaye. Ukijibu ndiyo kwa haraka, cheti kipya nacho kitafutwa, na seva inaweza kugoma itakapowashwa upya.

Ikiwa tovuti yenu inatunzwa na kampuni, ipeni kampuni hiyo maagizo hayo kwa maandishi, nanyi mdai jibu la maandishi linaloonyesha kwamba cheti cha zamani kimebatilishwa, si kwamba kipya kimewekwa tu.

FUNZO KUTOKA UHOLANZI

Kuchelewa kuna gharama, na serikali ya Uholanzi iliionja mwaka 2011. Mwezi Juni mwaka huo wadukuzi waliingia katika kampuni ya DigiNotar, mtoa vyeti aliyetumiwa pia na ofisi za serikali ya nchi hiyo, wakajitengenezea vyeti vya uongo zaidi ya 500. Kampuni iligundua uvamizi, ikabatilisha vile ilivyoviona, kisha ikanyamaza. Cheti kimoja kilichobeba jina la Google hakikuonekana. Kilitumika kuwapeleleza watumiaji wa intaneti nchini Iran hadi mwishoni mwa Agosti, na uchunguzi ulikuta anwani za intaneti zipatazo 300,000 zilizoguswa. Mtumiaji mmoja wa Iran, ambaye kivinjari chake kilimwonya, ndiye aliyelifikisha jambo hilo hadharani.

Mapema Septemba serikali ya Uholanzi iliondoa imani yake kwa kampuni hiyo, ikawatangazia wananchi kwamba haiwezi kuhakikisha usalama wa tovuti zake zilizotegemea vyeti hivyo. Ofisi nyingi zililazimika kubadilisha vyeti kwa pupa. Kabla mwezi huo haujaisha, kampuni ilikuwa imefilisika.

MIPAKA YA KUBATILISHA

Ni haki tuseme pia kwamba kubatilisha si dawa kamili. Taarifa za vyeti vilivyobatilishwa haziifikii kila simu kwa wakati mmoja, na vivinjari vingine havizikagui kwa ukamilifu. Aidha, mamlaka nayo yaweza kubanwa. Tarehe 29 Februari 2020, Let's Encrypt iligundua hitilafu katika ukaguzi wake, iliyogusa vyeti takriban milioni 3. Wenye tovuti walipewa muda mfupi. Muda ulipofika, vyeti zaidi ya milioni 1 vilikuwa havijabadilishwa, na mamlaka ikaamua kutovibatilisha mara moja ili tovuti hizo zisiwaonyeshe watu maonyo. Waliokuwa wameziandaa seva zao kuhuisha vyeti kwa programu waliimaliza kazi hiyo kwa amri moja.

Kwa sababu hiyo umri wa vyeti unazidi kufupishwa, ili hata kilichovuja kife chenyewe mapema. Vyeti vya kawaida vya Let's Encrypt vimekuwa vya siku 90. Kwa uamuzi wa Aprili 2025 wa jukwaa la watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, kikomo cha cheti chochote cha tovuti kinashuka hadi siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, na hadi siku 47 kuanzia tarehe 15 Machi 2029. Msimamizi anayehuisha kwa mkono mara moja kwa mwaka hataweza kuendelea hivyo. Heri aanze kuitumia programu sasa, ajizoeze na amri ya kubatilisha, na aiandike mahali ambapo msaidizi wake ataiona siku yeye akiwa safarini.

WAJIBU WA MWANANCHI

Wewe usiye na tovuti una sehemu yako. Simu ikikuonya kwamba muunganisho si salama au cheti kimebatilishwa, usibonyeze kitufe cha kuendelea, hata kama tovuti ni ya ofisi unayoiamini. Usiandike nywila wala usilipe. Funga ukurasa, kisha uiarifu ofisi husika kwa simu au kwa kufika mwenyewe, ukieleza siku, saa na maneno uliyoyasoma. Kule Iran, onyo kama hilo halikupuuzwa na mtu mmoja, na watu wengine wengi wakanusurika kwa taarifa yake.